Robota

Nikirudi Ulyankulu likizo, Bibi hunipa kazi ya tumbaku kabla sijamaliza chai. Mara ya mwisho tulikaa chini ya mwembe tukichambua majani kwa madaraja, kisha tukayabana kwenye robota. Akaniuliza ni kitu gani hicho ninachosoma chuoni miaka yote hii.

"Jeni, Bibi."

Akanitazama kama niliyetaja ugonjwa.

Nikapiga robota kofi. Nikamwambia kila seli ya mwili wake ina uzi wa DNA wenye urefu wa karibu mita 2, na uzi wote huo unakaa kwenye kiini ambacho jicho haliwezi kukiona. Unaingia kwa kufungwa. Zipo protini ziitwazo histoni. Nane hukaa pamoja kama kigingi, uzi unazizunguka mara moja na nusu hivi, kisha unaendelea kwenye kigingi kingine. Mwili hutengeneza histoni hizo kwa maelekezo ya jeni, na nyingi ya jeni hizo zimesongamana kwenye kromosomu ya 6. Mimi nasoma za histoni iitwayo H4.

"Kwa hiyo unasomea kufunga mizigo," akasema.

Nikacheka. Halafu nikamweleza kinachonishangaza mimi: H4 ni mnyororo wa asidi amino 102, na ukilinganisha ya ng'ombe na ya mnjegere, zinatofautiana mahali pawili tu. Kazi yake ni nyeti mno. Mabadiliko mengi huiharibu, kwa hiyo imebaki karibu vilevile kwa mamilioni ya miaka.

"Mimi na njegere?"

"Karibu sawa, Bibi."

Akaendelea kuchambua. Jani refu kulia, lenye madoa kushoto. Bila kuinua macho akasema, "Basi mwaka ule walikuwa wanatuchambua kwa kipi?"

Mwaka ule ni 1972. Bibi alikimbia mauaji ya Burundi akaletwa hapa, porini wakati huo. Nyumbani kwetu tunasema "mwaka ule" na kila mtu anaelewa asiulize zaidi. Mwaka 2010 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya 1972, nasi tukiwamo. Hata hivyo bado kuna madirisha ya ofisi ambako nikitaja Ulyankulu naulizwa, "Lakini asili yako wapi?"

Ningeweza kumjibu Bibi kwamba H4 haimtambulishi mtu, kwamba tofauti zipo kwenye jeni nyingine, na hata huko watu wawili wowote wanafanana kwa karibu asilimia 99.9. Lakini hakuwa ameniuliza asilimia.

Histoni zina jambo jingine ambalo sikumweleza. Uzi ukibanwa sana hausomeki. Seli ikitaka kusoma sehemu fulani, hubandika alama ndogo kwenye mikia ya histoni, na pale pale palipobanwa panalegea.

Tulipokuwa tunafunga robota la mwisho, Bibi alisema: "Nilifunga vitu kwenye shuka, usiku. Sufuria nilichukua. Mfuniko wake nikausahau."

Nilikuwa nimeshika kamba. Sikuuliza kitu. Nilingoja, na baada ya kitambo akaendelea.