Kiarabu Kwenye Miteremko ya Mlima Elgon

Atokaye Mombasa kwenda Cheptais huivuka nchi karibu yote kabla hajafika. Hupita Nairobi, Nakuru na Eldoret, akateremka Webuye, na Bungoma akabadilisha gari. Kutoka hapo njia hupanda kupitia Chwele, penye soko kubwa, na kuendelea hadi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Uganda. Udongo ni mwekundu, mahindi yamesimama hadi ukingoni mwa barabara, na magharibi ikiingia mtu wa pwani huanza kulitazama buibui lake jepesi kwa mashaka. Wenyeji wengi ni Wasabaot. Wabukusu nao wapo. Waislamu ni wachache.

Tulikwenda akina mama watano, kwa mwaliko wa familia chache za huko zilizotaka tuwaone watoto wao wakisoma.

Uislamu katika nchi ya magharibi hauna umri wa ule wa Lamu, lakini si mgeni wa juzi. Misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili ilifika kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, katika karne ya 19, na mji wa Mumias ukawa kitovu cha dini upande ule. Mlimani hali ilikuwa nyingine. Tena kati ya 2006 na 2008 mlima huu ulipita katika mapigano ya ardhi yaliyowahamisha watu wengi, na baadhi ya mama tuliokaa nao walikuwa watoto wa shule wakati huo. Masomo yao yalikatika. Twalitaja jambo hili kwa kuwa mama huyo aliyekatishwa ndiye anayeulizwa na mwanawe jioni: neno hili maana yake nini?

Darasa hukaa siku za Jumamosi na Jumapili katika chumba cha mabati. Watoto ni kama ishirini, wengi wao wasichana, na mwalimu ni binti wa papo hapo. Tuliambiwa kuwa kabla yake alikuwapo ustadhi kutoka pwani, mtu wa dini na mwenye bidii, aliyefundisha kama alivyofundishwa: alifu fataha a, kasiri i, dhumma u, na fimbo kwa anayekosea. Baada ya miezi michache nusu ya watoto hawakurudi.

Si ajabu. Mtoto wa pwani hukutana na kitabu, kalamu, dhambi na thawabu mapajani mwa mamaye. Kiarabu kimemtangulia ndani ya Kiswahili. Wa Cheptais huanza na Kisabaot au Kibukusu, akapokea Kiswahili na Kiingereza shuleni, na Kiarabu kikawa lugha yake ya nne. Kisabaot hakina sauti ya z, wala f, wala h. Mtoto akisema “saka” badala ya “zaka”, huyo si mzembe wala si mtovu wa adabu. Ulimi wake haujawahi kuombwa sauti hiyo.

Lakini ulimi huo umebeba mali ambayo ustadhi hakuiona. Katika lugha za jamii ya Kikalenjin, Kisabaot kikiwamo, kurefusha au kufupisha irabu hubadilisha maana ya neno. Na Kiarabu ndivyo kilivyo: kataba ni “aliandika”, na kaataba ni “aliandikiana na mwenziwe”. Watoto wetu wa pwani huzivuta irabu wanapopenda na kuzifupisha wanapochoka, na madda huwasumbua miaka. Wasichana wa Kisabaot tuliowasikiliza waliyashika kwa wepesi uliotushangaza. Nao watoto wa Kibukusu wana kh kamili, kwani mwanamke kwao ni omukhasi; sisi wa pwani tumekwisha kuigeuza khabari kuwa habari na kuridhika nayo.

Mwalimu yule binti huyatumia haya yote. Alipofika kwenye muallim na muallima, tofauti ambayo Kiswahili hakina, hakutoa kanuni yoyote. Aliwauliza mtoto wa kiume aliyezaliwa mchana huitwaje. Kibet, wakajibu. Na wa kike? Chebet. Basi, akasema, Waarabu nao hutenganisha, ila wao huweka alama yao mwishoni. Kitabu chake ni cha kwanza katika mfululizo wa Dkt. V. Abdur Rahim, ule uliofundishwa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina. Mtungaji alikuwa Mhindi, naye alijifunza Kiarabu kama mgeni. Ndiyo maana huanza kwa kuonyesha vitu, nyumba, msikiti, kalamu.

Msichana mmoja alikuwa amehifadhi Suratul Fil kwa miaka miwili. Wiki tuliyokuwapo ndipo alipojua kwamba fil ni ndovu. Alicheka hadi akaziba uso kwa mtandio. Ndovu anamjua: katika mlima huo huo, upande wa Kitale, ndovu huingia usiku ndani ya pango la Kitum kuchimba chumvi kwa pembe zao. Akaisoma sura upya, taratibu, na mara hii alisita kwenye kila neno akitaka kujua lililobaki.

Wako wazee wasioipenda saa hii ya lugha. Wafadhili hutaka siku ya sherehe watoto wasome juzuu nzima, na mtoto anayejua maana ya sura moja haonekani kwa macho. Sisi twaona hifadhi ibaki, ila isile saa ya maana. Wengine husema tafsiri inatosha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mwaka 1930 aliandika kwa Kiswahili ili watu waelewe, na tafsiri kamili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ipo tangu 1969. Tafsiri hiyo tuliikuta rafuni kwa mwenyeji wetu. Alituambia kwamba Kiswahili chenyewe alikikuta shuleni, na kile cha Unguja humlazimu kuuliza kila ukurasa. Yeye hukaa nyuma ya darasa siku za Jumapili, na daftari la mwanawe magotini.

Misahafu wanayo ya kutosha. Walichotuomba ni mwalimu wa kike mmoja au wawili kwa likizo ya Agosti, wamsaidie binti yule, ambaye hufundisha peke yake na hulima. Mahali pa kulala papo, kwenye nyumba za familia. Atakayekwenda ajifunze kwanza maamkizi ya Kisabaot, na achukue sweta zito.