Kutoka “nyumbani” hadi “at home”

Mama mmoja anayeuza zabibu soko la Majengo, Dodoma, aliona kijana wake wa kidato cha kwanza ameanza kunyamaza. Darasani alisema “I am going to home,” wenzake wakacheka, na tangu siku hiyo hakunyoosha mkono. Na shule ya msingi, ambako masomo yalikuwa kwa Kiswahili, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu.

Mama aliishia darasa la saba, lakini aliomba daftari alione. Kilichomsumbua mtoto ni vihusishi. Kiswahili kinatosheka na “-ni” moja: yuko nyumbani, ametoka nyumbani, anakwenda nyumbani, kitenzi ndicho kinachoeleza kama mtu yupo, anatoka au anaelekea. Kiingereza kinataka “at home,” kisha “from home,” halafu “go home” bila kitu katikati, ingawa shuleni ni “go to school.” Mtoto atazoea tu, na kumcheka kunamchelewesha.

Jioni mama aliweka kichala cha zabibu ndani ya ndoo: “in.” Juu ya kifuniko: “on.” Yeye mwenyewe sokoni: “at the market.” Siku na saa ziliwasumbua zaidi. Kiswahili husema Jumatatu, saa mbili asubuhi, basi. Kiingereza “on Monday,” “at eight o’clock,” na mbili yenyewe imeshageuka nane!

Kijana ameanza tena kunyoosha mkono, ingawa bado anakosea. Sasa wamefika kwenye “good at” na “afraid of,” na huko ndoo haisaidii.