Kungoja Treni ya Mizigo Ipite

Akina mama wenzetu mlioolewa mbali na kwenu, safari hii mnaijua. Kwetu Buhigwe, katika milima ya Kigoma yenye migomba, maharage na tangawizi, reli haifiki. Anayetaka treni hana budi kushuka kwanza. Wa Manyovu hupita Mwandiga hadi Kigoma mjini. Baadhi ya ndugu zetu wa Kasulu hushika njia ya Uvinza, kule kunakotoka chumvi. Siku hizi mabasi ni mengi, lakini mwenye watoto watatu, gunia la maharage na dumu la mawese bado huifikiria treni.

Reli yenyewe si ngeni kwetu. Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Babu zetu wa Buha walisafiri kwa reli hiyo kwenda kwenye mashamba ya mkonge kama manamba, na bibi zetu wakabaki na majembe na watoto.

Shida ni kwamba njia ni moja tu. Treni inayokwenda na ile inayorudi hutumia reli ile ile, nazo haziwezi kupishana ila stesheni, penye njia ya pembeni. Stesheni masta huulizana na mwenzake wa stesheni ya mbele, na dereva haondoki mpaka apewe ruhusa. Treni ya mizigo ikiharibika mlimani au injini yake ikiishiwa nguvu, ya abiria husimama Nguruka, Usinge au Kaliua mpaka njia iwe wazi. Tena Tabora mabehewa ya Kigoma yalikuwa yakiunganishwa na yale ya Mwanza, hivyo kuchelewa kwa mmoja kukawa kuchelewa kwa wote.

Tusiilaumu mizigo kwa haraka. Wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi mwaka 1993, na wale wa Kongo mwaka 1996, Kasulu na Kibondo zilijaa akina mama wenye watoto mgongoni. Unga na maharage yao yalikuja kwa mabehewa kutoka pwani. Huenda treni iliyotungojesha ndiyo iliyokuwa imebeba chakula cha jioni cha jirani yetu.

Wala tusiombe dereva aondoke bila ruhusa. Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo. Watu wapatao 280 walifariki. Kwa hiyo kusimama kwa ajili ya usalama tunakukubali.

Tusichokubali ni kusimama bila kuambiwa neno. Saa sita za kungoja kwa mfanyabiashara ni hasara ya fedha. Kwa mama mwenye mtoto anayeharisha, aliyeandikiwa kwenda hospitali kubwa, ni jambo la uhai. Maji yamekwisha, nepi kavu hakuna, na nauli ya basi la mwisho imeliwa kwa chai na maandazi ya dirishani. Subira yavuta heri, lakini mtoto mchanga hajui methali.

Msidhani ni umaskini wetu tu. Marekani, nchi tajiri, treni za abiria za masafa marefu hupita zaidi kwenye reli zinazomilikiwa na kampuni za mizigo. Tangu mwaka 1973 sheria huko inasema abiria watangulie. Hata hivyo abiria hungoja, kwa kuwa treni nyingine za mizigo ni ndefu mno, haziingii kwenye njia ya kupishania. Basi ya abiria ndiyo hujibanza pembeni. Sheria bila njia za kutosha haimsogezi mtu.

Reli mpya ya kisasa imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na mkataba wa kujenga kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini mwaka 2022. Tunafurahi. Lakini hata hiyo ni ya njia moja, yenye mahali pa kupishania, na mizigo ya Burundi na Kongo itaitaka pia. Mpangilio wa nani apite kwanza utabaki kuwa na uzito ule ule.

Kwa upande wetu, mama anayesafiri kwa treni afungashe kama mtu atakayechelewa siku nzima. Achukue karanga, mahindi ya kukaanga na ndizi, wala si maharage yaliyopikwa, maana huchacha. Maji yaliyochemshwa yawe ya kutosha, na pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini kwa watoto zisisahauliwe. Nauli ya mwisho aifunge kwenye pindo la kitenge, asiiguse.

Na kwa wenye reli, tunaomba mambo matatu: choo safi na maji katika kila stesheni ya kupishania, njia ya pembeni inayotosha treni ndefu, na mtu wa kupita behewa hadi behewa akisema, "Tunangoja treni ya mizigo, tutaondoka saa fulani." Mama akiijua saa, atajua maji yaliyobaki ayagawe vipi.