Nyayo za Chui Chini ya Mlima Meru

Jumamosi iliyopita, baada ya Sala ya Alfajiri, tuliondoka Arusha mjini, wajumbe wa kamati ya msikiti pamoja na wanafunzi wakubwa wa madrasa. Tulipofika Usa River tuliiacha barabara ya Moshi, tukakunja kushoto hadi lango la Ngongongare, Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Vijana walimtaka chui. Tuliona twiga, nyati na mbega mitini, chui hakuonekana. Askari wa hifadhi aliyetutangulia kwa miguu, bunduki begani, hakushangaa. Alitueleza kuwa simba hawana makao humo, na kwamba chui hutembea peke yake, aghalabu usiku. Hata mchana madoa yake humficha katika vivuli vya majani.

Kando ya kijito alituonesha unyayo topeni: vidole vinne, bila alama ya kucha. Kucha za fisi huchora ardhi, kwa kuwa hazirudi ndani. Chui huzirudisha anapotembea zisije zikachakaa, akazitoa anapokamata windo au kukwea mti. Ndivyo anavyoweza kumpandisha pongo juu ya tawi, fisi wasimnyang'anye. Jike huchukua mimba kwa miezi mitatu hivi, akazaa kwa kawaida watoto wawili au watatu, ambao huwaficha na kuwahamisha mara kwa mara.

Tulipotoka tulipumzika kwa mzee mmoja jirani na mpaka wa hifadhi. Mwaka jana chui aliruka ua wake usiku na kuua mbuzi wawili aliowafuga kwa ajili ya ada ya mjukuu wake.

"Babu, mbona hukumtegea sumu?" kijana mmoja aliuliza.

"Sumu haichagui, mjukuu wangu. Ingewaua fisi, tai, hata mbwa wangu mwenyewe."

Badala yake alijenga banda imara na kuliezeka, kwani ua usio na paa haumzuii mnyama anayekwea miti. Tangu hapo hajapoteza mbuzi, ingawa nyayo bado huziona.

Jirani yake, mama mjane, angali na ua wazi. Kamati imeazimia kumpelekea mabati, inshaallah. Vijana walio tayari kwenda kuezeka wajiandikishe kwa katibu baada ya Sala ya Ijumaa.