Mama aligusa mara moja tu

"Mama, gusa mara moja! Moja!" Kila Jumapili nilikuwa nasema hivyo, na kila Jumapili sauti ilipanda kidogo.

Kazi yangu ni kuandika programu za simu. Mama ana miaka 71 na mikono yake inatetemeka. Nilimtengenezea programu ndogo ya picha za wajukuu: ukigusa picha mara moja inafunguka, ukigusa mara mbili haraka inafichwa. Niliona nimefanya jambo la maana. Lakini picha zikawa zinapotea moja moja, na mama akaanza kuiacha simu kabatini. "Simu hii hainitaki," akasema.

Simu haiwezi kujua umegusa mara ngapi mpaka isubiri kwanza. Kidole kikiondoka kwenye kioo, inahesabu muda. Kwenye Android kwa kawaida ni milisekunde 300, hata theluthi ya sekunde haifiki. Kidole kikirudi ndani ya muda huo, basi ni mara mbili. Na kwa sababu inasubiri, picha inachelewa kidogo kufunguka. Mtu anadhani hajagusa vizuri, anagusa tena. Hapo ndipo picha inafichwa.

Jioni moja niliiambia programu iandike kila mguso na saa yake. Mama akagusa picha ya mjukuu wake, akainua kidole juu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. "Mara moja," akasema. Nikaangalia. Imeandikwa miguso miwili, imeachana kwa milisekunde 110.

Hakunidanganya. Kidole chake kilidunda, naye hakukihisi. Miezi mitatu nilikuwa namfokea mama yangu mzazi kwa kosa nililoliandika mwenyewe.

Usiku ule niliondoa mguso wa pili kabisa. Sasa kuficha picha kuna kitufe chake chenye maandishi, na kinauliza kwanza. Mguso unaokuja kabla ya nusu sekunde kupita unapuuzwa. Kama mzazi wako ana shida hii kwenye programu nyingine, fungua mipangilio, sehemu ya ufikivu. Baadhi ya simu zina chaguo la kupuuza miguso inayojirudia. Tafuta hilo kabla ya kupandisha sauti.

Nilimwomba radhi mama. Hakuinua hata macho kwenye simu.

"Si nilikwambia?" akasema, akafungua picha nyingine.