Vyumba vinane vya kupangisha, choo kimoja

Ukishuka mwendokasi Manzese na kuvuka Barabara ya Morogoro, kelele za wauza mitumba zinabaki nyuma baada ya hatua chache tu. Njia inakuwa nyembamba, bodaboda zinapita zikikwaruza kuta, na ukitazama juu unaona bati la huyu limegusa bati la yule. Nilikwenda huko kuandika habari za vyoo kabla ya masika. Nikarudi na daftari limejaa hesabu za kodi.

Nyumba niliyoelekezwa ni ya aina ambayo wengi wetu tumekulia au tumewahi kupanga: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Mwenye nyumba, mjane wa miaka sitini na kitu, anaishi humohumo na wajukuu katika vyumba viwili. Vinne anapangisha. Uani kuna banda la vyumba vingine vinne. Choo ni kimoja chenye matundu mawili, na siku niliyofika kilikuwa kinatumiwa na watu 27, watoto wakiwemo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa afya? Kaa hapahapa kibarazani, uani leo kunanuka.”

Kiwanja alikinunua marehemu mumewe kwa kiinua mgongo. Benki hawakuwahi kuiona. Walipaua, wakatia milango vyumba viwili vya mbele, wapangaji wakaingia, na kodi yao ya miezi sita ikanunua saruji ya chumba kilichofuata. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zimekua hivyo. Mpangaji anakukopesha bila riba na bila kudai hati.

Ila mkopeshaji huyo anaweza kuondoka. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam, Kinondoni iliumia mapema, na Manzese wakati huo ilikuwa ndani ya Kinondoni. “Shimo lilikuwa limejaa, na mimi pesa yote nimeitia kwenye banda,” mama aliniambia. Mtoto wa mmoja wa wapangaji alilazwa, akapona. Lakini ndani ya mwezi mmoja familia tatu zilihama, na kila moja ilidai kodi ya miezi iliyobaki. Kodi hiyo ilikwishakuwa tofali. Ikabidi akope kwenye kikundi, marejesho kila wiki, wakati mpangaji analipa mara mbili kwa mwaka. Friji iliuzwa, na kitanda chake pia.

Tangu hapo ana daftari. Chumba ni Sh50,000 kwa mwezi. Kila akipokea Sh300,000 za miezi sita, Sh50,000 zinaandikwa kwenye ukurasa wa choo na bati, na haziguswi hata mjukuu akirudishwa nyumbani kwa ada. Nilipomtazama akacheka: “Ada nayo ina ukurasa wake.” Pia amewapanga wapangaji ili miezi sita yao isiishe kwa pamoja, hivyo karibu kila mwezi kuna anayelipa. Nimewahi kuhudhuria semina za fedha zenye chai na vitafunwa ambazo hazikunifundisha hilo.

Vyumba vyote vikijaa, ukurasa wa choo unapata Sh800,000 kwa mwaka. Gari la majitaka haliingii uchochoroni. Linaegeshwa mbali, mipira inaungwa, na bei inapanda kwa kila mpira. Mara ya mwisho alilipa Sh150,000, na kwa watu 27 shimo linajaa kila baada ya miezi minne. Hapo Sh450,000 zimekwenda. Zinazobaki zinaziba bati, kubadilisha koki na kusubiri choo cha pili.

Nilimuuliza kuhusu kutapisha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema zamani alifanya, kama majirani: mvua kubwa ikinyesha usiku, unatoboa shimo na maji yanabeba. Yanabeba hadi mtaroni, ambako asubuhi watoto wanakimbiza mipira ya makaratasi. Vimelea vya kipindupindu vinatoka kwenye kinyesi cha mgonjwa na kuingia kwa mwingine kupitia maji na chakula. Unachotapisha wewe kinaweza kurudi jikoni kwako.

Sikuyapenda madirisha ya banda. Yanatazama ukuta wa jirani kwa karibu, hewa haipiti, na kifua kikuu kinapenda vyumba vya namna hiyo. Nilimwambia. “Nikisogeza ukuta nitakuwa nimejenga kwa jirani,” alinijibu. Hapo hakuwa na ukurasa.

Ugomvi wa LUKU niliusikia kwa wapangaji wenyewe. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye ununuzi wa umeme, na kwenye mita ya pamoja anayetangulia kununua mwezi huo ndiye anayekatwa. Mama huwarudishia wakija na ujumbe wa simu. Wapangaji wawili waliniambia nyumba waliyotoka, mwenye nyumba aliwajibu wahame.

Nikiwa naaga aliingia dalali na dada mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. Chumba kimoja cha banda kilikuwa wazi. Dalali alifungua mlango, akawasha taa, akaanza kusifia sakafu.

“Choo kiko wapi?” dada akauliza.

Akaonyeshwa. Alikaa huko muda mrefu kuliko alivyokaa chumbani, akafunua pipa la maji, akachungulia mfuniko wa shimo. Aliporudi alimuuliza mama lilinyonywa lini. Mama akafungua daftari, akamwonyesha tarehe.

“Nitakuja na baba yake jioni,” dada akasema.

Dalali alisonya. Mama akalirudisha daftari kwenye mkunjo wa khanga.