Gari Langu Lilipita Bandarini

Nilirejea nyumbani mwaka juzi, baada ya miaka 13 mjini Leeds, Uingereza, nikiwa na mume, watoto wawili, gari kuukuu na faili la kaki lililonenepa kuliko begi la nguo. Wanafunzi wangu wanaponiuliza habari za kurudi, hutarajia niwasimulie mishahara au kukatika kwa umeme. Mimi huwasimulia makaratasi, kwa kuwa ndiyo yaliyonionyesha mahali nilipowekwa na sheria za nchi yangu.

Vyeti vya watoto vilitupotezea majuma sita. Uingereza hutoa cheti cha kuzaliwa cha namna mbili. Kile kifupi hakitaji wazazi, na ndicho tulichokuwa nacho. Bila jina la mama, mtoto atathibitishaje kwamba ni Mtanzania kwa kurithi? Tukaagiza vile virefu. Vilipofika, shauri likaisha: Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humtambua mtoto aliyezaliwa nje kwa baba au kwa mama Mtanzania, mradi mzazi huyo naye asiwe raia wa kurithi. Mimi nilizaliwa Morogoro. Uhakiki wa shahada na uhamisho wa shule sitausimulia. Ni foleni kama foleni nyingine.

Gari nililiogopa zaidi, likawa jepesi kuliko yote. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humsamehe ushuru wa gari moja mtu anayehamishia makazi yake nchini, ikiwa amelimiliki na kulitumia huko alikotoka kwa muda usiopungua miezi 12. Nilikuwa na hati ya usajili, bima na stakabadhi za fundi. Ofisa aliihesabu miezi kwa ncha ya kalamu, akagonga muhuri.

Kisha ikaja zamu ya mume wangu, Mwashanti wa Ghana, tuliyefunga naye ndoa miaka 11 kabla ya siku hiyo. Karani alilipekua faili letu ukurasa kwa ukurasa.

“Dada,” akaniambia kwa upole ninaoukumbuka hadi leo, “makaratasi ya shemeji yametimia. Tatizo ni kwamba wewe ndiye mke.”

Hakukosea. Kifungu cha 11 cha sheria ileile iliyowapokea wanangu kinampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa yake. Mwanamume aliyemwoa Mtanzania hakutajwa. Yeye hupita njia ya kila mgeni: kibali cha ukaazi, miaka ya kuhesabiwa, kisha maombi. Mwenzangu idarani, aliyerejea na mke Mjerumani, hakuwahi hata kujua kwamba kifungu hicho kina upande mmoja.

Hoja ninayoisikia mara nyingi ni kwamba wageni watawaoa dada zetu ili wapate pasipoti. Ndoa za hila zipo, lakini sijaelewa kwa nini hila iwe ya wanaume peke yao, wala kwa nini upelelezi unaomtosha bibi harusi usimtoshe bwana harusi. Kenya, kwa Katiba yake ya mwaka 2010, humruhusu mwenzi yeyote, mume au mke, kuomba kusajiliwa baada ya miaka saba ya ndoa. Katiba yetu nayo inakataza ubaguzi katika Ibara ya 13, na jinsia imetajwa humo.

Wapo wanaosema ni mila: mke hufuata kwa mume. Mila ya nani? Kwetu Uluguru ukoo hufuatwa kwa mama, na kwa Waashanti ni vivyo hivyo. Mama yangu alipomwona mkwewe kwa mara ya kwanza hakuuliza kibali. Aliuliza kama anakula ugali.

Nchi yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo huenda mume wangu asingekubali kuukana wa Ghana. Ningependa angalau swali hilo aulizwe yeye.

Kibali chake kinakwisha mwezi Machi. Jumamosi tutakwenda kupiga picha za pasipoti, zile za mandhari ya buluu. Bintiye mdogo ameuliza kwa nini anapigwa baba peke yake.